Shajara ya linki ya Kibosho, Januari hadi Julai 2024

Jumamosi, 13 Januari 2024

Jana usiku zimeingia simu saba kati ya saa 2 na saa 4, na zote zinasema jambo moja: mtandao upo, ila haufanyi kazi. Mwalimu anayefundisha wanafunzi wake kwa Zoom amesema sauti inakatika kila akifungua mdomo. Mama wa duka la dawa amesema ujumbe wa WhatsApp unakwenda, lakini simu ya video kwa mwanawe aliye Dodoma inaganda mpaka wanakata tamaa. Mama huyu analipa tarehe mosi kila mwezi bila kukumbushwa. Inaniuma.

Naandika hali ilivyo ili nisije nikajidanganya baadaye. Tuko wawili tunaouza huduma ya mtandao, mimi na mwenzangu anayepanda milingoti. Mkongo unatufikia juu ya paa la ghorofa nne hapa Moshi mjini, megabiti 100 kwa sekunde, tunazonunua kwa kampuni kubwa. Juu ya paa hilo kuna dishi la gigahezi 5.8 linaloelekea Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kilomita 7 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo linki yetu. Huko tuna mlingoti wa bomba wa mita 12 kwenye boma la mama mmoja. Kutoka kwenye bomba hilo antena za sekta zinagawa huduma kwa nyumba 64, zikiwamo maduka, zahanati moja na nyumba ya mapadri. Kila mteja analipa shilingi 40,000 kwa mwezi kwa kasi isiyozidi megabiti 10. Leseni yetu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni ya ngazi ya wilaya, na hiyo inatutosha.

Mwenzangu anasema tununue megabiti 150. Hesabu yake haina ubishi: nyumba 64 mara 10 ni 640, nasi tuna 100. Lakini hakuna mtoa huduma mdogo anayenunua 640 kwa nyumba 64, kwa sababu watu hawanywi wote kwa wakati mmoja. Nimemwomba wiki moja ya kupima kabla hatujatia saini ya gharama ambayo itatukaa shingoni kila mwezi.

Jumamosi, 20 Januari 2024

Wiki ya kupima imekwisha. Nimeiacha ruta ya mjini iandike kila dakika ni kiasi gani kinapita, usiku na mchana.

Kilichonishangaza ni kwamba mkongo haujawahi kujaa. Hata siku moja. Kilele cha juu kabisa ni megabiti 74, Jumatano saa 3 usiku. Mchoro unapanda tangu saa 12 jioni, unafika hapo kwenye 70 na kidogo, kisha unakwenda umenyooka kama meza hadi saa 5 usiku ndipo unashuka. Matumizi ya watu hayanyooki hivyo. Mchoro wa watu una meno kama msumeno. Ukiuona umenyooka ujue umegonga dari, na dari hiyo iko chini ya megabiti 100 tunazolipia. Kwa hiyo tungenunua 150, tungelipa zaidi na dari ingebaki palepale.

Nikapima linki ya Kibosho peke yake alfajiri, wateja wakiwa wamelala: megabiti 78, kwenda na kurudi kwa pamoja. Daftari la Novemba 2021, siku tuliyoifunga, linasema 180. Nguvu ya mawimbi siku ile ilikuwa hasi 61 kwa desibeli; namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Leo ni hasi 67. Hatukuwahi kurudi kuangalia, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Kipimo cha tatu ndicho kimenifumbua macho. Nimepima muda wa pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, kutoka nyumbani kwa mwalimu hadi ruta ya mjini na kurudi. Saa 10 alfajiri ni milisekunde 9. Saa 3 usiku ni 520. Pakiti haipotei, inangoja. Kwa kasi ya megabiti 78, nusu sekunde ya kungoja ni karibu megabaiti 5 za data zilizokaa foleni ndani ya radio, na sauti ya mwalimu imebanwa katikati ya filamu ya mtu mwingine. Pendekezo namba G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa njia moja ili watu waongee vizuri. Sisi tunaila hiyo yote na zaidi kabla pakiti haijatoka hata Moshi.

Jumamosi, 3 Februari 2024

Kazi ya wiki mbili hizi imekuwa kuitoa foleni kwenye radio na kuileta mahali ninapoweza kuiamuru.

Radio ya linki ina hodhi kubwa ya kungojeshea pakiti na haina akili ya kugawa. Anayekuja kwanza anapita kwanza, na anayepakua faili kubwa anakuja na pakiti mia kwa mpigo. Ruta yetu ni MikroTik, na toleo la 7 la mfumo wake lina njia ya kupanga foleni iitwayo CAKE, inayompa kila mteja sehemu sawa panapokuwa na msongamano, na kuitanguliza ile mikondo midogo kama sauti. Lakini CAKE haina la kufanya ikiwa foleni haijengeki kwake. Maji yanajaa penye mlango mwembamba. Kwa hiyo lazima mlango mwembamba uwe kwenye ruta, na ili uwe hapo, lazima ruta ipitishe kidogo kuliko radio inavyoweza.

Nikaweka megabiti 62 za kushuka na 10 za kupanda. Jumla 72, chini ya zile 78.

Mwenzangu hakupenda. "Kaka, watu wanalalamika mtandao ni mdogo, na wewe unaupunguza?" Sikuwa na jibu la maneno. Nikamwambia tungoje saa 3.

Saa 3 usiku, nyumbani kwa mwalimu: milisekunde 24. Nilipima mara tano kwa sababu sikuamini. Kesho yake mwalimu alinipigia mwenyewe kuuliza kama tumeongeza kasi. Nimemweleza ukweli, kwamba tumeipunguza jumla na kuipanga foleni. Alinyamaza kidogo, akasema wanafunzi wake wamesikia somo zima tangu mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Mama wa duka la dawa naye hajapiga simu. Kwa kazi hii, simu isiyoingia ndiyo sifa.

Sitaki kujipongeza kupita kiasi. Desibeli 6 zimepotea mahali fulani kati ya Moshi na Kibosho na bado sijui ziko wapi. Nimefunga bandeji, kidonda kipo.

Jumamosi, 17 Februari 2024

Fupi. Umeme ulikatika juzi kwa saa tisa na kituo cha Kibosho kikaenda bila kuzimika. Vifaa vyote pale vinakula wati 46. Kwa saa 12 ni wati-saa 552, na betri ya volti 12 ya saa-ampea 100 ina 1,200, ambazo kwa betri ya risasi hutakiwi kula zaidi ya nusu. Ndiyo maana hesabu inafika saa 13 hivi, wala si 24 kama muuzaji alivyotuambia. Wakati wa kuibadilisha ukifika tutanunua ya lithiamu, unayoweza kuila mpaka asilimia 80 bila kuiua.

Jumamosi, 16 Machi 2024

Mvua zimeanza. Na mimi nimeanza kukosa usingizi.

Juzi jioni ilinyesha Kibosho kwa saa mbili. Nguvu ya mawimbi ikaporomoka hadi hasi 74, na linki ikabaki na megabiti 45. Nimeweka mlango mwembamba wa ruta kwenye 72, kumbe radio sasa inapitisha 45, kwa hiyo foleni imerudi kwenye radio na mwalimu amerudi kwenye milisekunde 500. Nikashusha ruta hadi 32 na 8 kwa simu nikiwa kitandani. Muda wa pakiti ukatulia. Lakini 32 kwa nyumba 64 ni njaa, hata ukiigawa kwa haki namna gani.

Jambo moja halikukaa sawa kichwani. Mvua yenyewe haiwezi kufanya hivi. Matone ya mvua yanayatesa sana masafa ya juu, gigahezi 20 kwenda mbele. Kwa 5.8 na kilomita 7, hata mvua kubwa inakula desibeli moja au mbili hivi tu. Sisi tumepoteza desibeli 7 kwa jioni moja. Zaidi ya hayo, mvua ilikatika saa 1 na nguvu haikurudi mpaka saa 4 asubuhi ya kesho yake, jua lilipowaka.

Kitu kinacholowa, kikabaki kimelowa usiku kucha, kikakauka na jua. Hayo ni majani.

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Radi. Haikupiga bomba, ilipiga mahali jirani, lakini kebo ya mita 30 inayoshuka kutoka kwenye antena iliikusanya na kuchoma mlango mmoja wa swichi na radio ya sekta ya mashariki. Nyumba 21 zilikaa gizani kwa siku moja na nusu. Tulikuwa na radio ya akiba, hatukuwa na swichi.

Kosa ni letu. Fimbo ya shaba ilikuwapo ardhini, lakini kebo tuliyotumia haikuwa na ganda la chuma, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuunganisha na hiyo fimbo. Tumeibadilisha yote. Nimewarudishia wale wateja 21 siku mbili kwenye hesabu ya mwezi kabla hawajaomba.

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Leo nimetembea njia ya mawimbi.

Nilichora mstari kwenye picha ya setilaiti kutoka paa la mjini hadi bomba letu, nikaangalia mwinuko wa ardhi, kisha nikaupanda mlima nikiufuata mstari huo kwa GPS ya simu na darubini ya kuazima. Anayeijua Kibosho anajua kwamba mstari ulionyooka haupitiki kwa miguu. Nchi yenyewe ni migongo na makorongo, unashuka hadi mtoni, unavuka, unapanda tena kwa mikono, kila mgongo umefunikwa migomba, chini yake kahawa, juu yake miti ya kivuli. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka majanini. Nilichukua saa nne kwa kilomita mbili.

Watu wengi wanadhani mawimbi yanapita kwenye uzi mwembamba, ukiona upande wa pili basi yamepita. Nami nilidhani hivyo mwaka 2021, nikasimama kwenye bomba, nikaliona jengo la mjini kwa macho, nikafunga. Mawimbi yanahitaji mwili mnene kuzunguka uzi huo, umbo la ndizi nono katikati na nyembamba ncha zote mbili, linaloitwa eneo la Fresnel. Katikati ya kilomita 7, kwa masafa yetu, nusu ya unene wake ni mita 9 na nusu. Kilomita 1.2 kutoka kwenye bomba ni mita 7. Ukitaka linki yenye afya, angalau asilimia 60 ya hapo iwe wazi, yaani mita 4 na kidogo.

Na hapo, kwenye kilomita 1.2, ndipo nilipoukuta. Mgrivilea mmoja mzuri, umenyooka, pembezoni mwa kihamba, shamba la ukoo, umeipita miti mingine yote. Kwa hesabu yangu ncha yake iko mita 2 juu ya mstari. Novemba 2021 lazima ilikuwa chini yake kwa mita kama 2. Tulifunga linki juu ya mti unaokua, na mti umekua.

Nilikuwa nimesimama namwangalia mkosaji wangu kwa darubini, mzee akatokea kwenye migomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza nini huko juu?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo la kwanza nililokuwa naliogopa. "Huo siukati. Kivuli chake ni cha kahawa, na mbao zake ni za paa la kijana wangu." Nikamjibu sikuja kuomba akate, nilikuja kujua upo wapi. Uso wake ukafunguka. Tukakaa juu ya jiwe kando ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia vihamba.

Mfongo ule una maji mpaka leo. Akanieleza unavyotoka juu kwenye korongo, unavyopita ubavuni mwa mlima hadi kwenye mgongo, na jinsi kila kihamba kilivyo na zamu yake, siku na saa. Nikamuuliza wakati wa kiangazi maji yakipungua wanafanyaje. Akasema maji yakipungua zamu haivunjwi, inafupishwa kwa wote. "Mtu akijua maji yake ni Alhamisi asubuhi, hata yakiwa kidogo atapanga. Ugomvi unakuja pale asipojua."

Niliandika maneno hayo nyuma ya ramani palepale, maana ndilo nililoliona Februari na sikuweza kumwambia mwenzangu. Wateja wetu hawakuwa wanalia udogo wa mtandao. Walikuwa hawajui saa 3 usiku watakuta nini.

Nimefikiri sana njiani nikirudi kuhusu ule mfano wa mfongo, na kuna mahali unaishia. Mzee ana nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku yatumike asubuhi. Kwake nduwa kubwa ni utajiri, kwa sababu maji hayaharibiki kwa kungoja. Kwetu bwawa kubwa ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe. Sauti ya mtu ikingoja nusu sekunde imeshaharibika. Hata hivyo mafundi wengi, nami nikiwamo, tuliamini kwamba hodhi kubwa ndani ya radio ni jambo jema.

Jumanne, 14 Mei 2024

Jumapili tarehe 12 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Tanzania nzima imeyumba, na majirani zetu pia. Simu yangu haijatulia tangu hapo.

Linki yetu haihusiki, lakini mteja hawezi kujua hilo na si kazi yake kujua. Kwake mtandao ni ile boksi iliyo ukutani na namba yangu iliyoandikwa juu yake. Nilituma ujumbe mfupi kwa wote 64 Jumapili ileile jioni: kilichotokea, mahali kilipotokea, kwamba kurasa za ndani ya nchi zitafunguka vizuri kuliko za nje, na kwamba sijui itachukua siku ngapi. Mama wa duka la dawa alijibu "asante kwa kutuambia". Ni maneno matatu, nimeyahifadhi.

Kilichonipa nguvu ni kuona tofauti kwa macho. Pakiti zinazobadilishana ndani ya nchi, kwenye vituo vya kubadilishania mtandao vya Arusha na Dar es Salaam, zilikwenda kama kawaida huku za Ulaya zikitambaa. Arusha iko kilomita kama 80 kutoka hapa. Sioni kwa nini kitu ambacho mtu wa Moshi anamtumia mtu wa Arusha kipitie bara jingine, na watu waliopigania vituo hivyo miaka ile walituona sisi wa leo.

Jumamosi, 1 Juni 2024

Mvua zimepungua, ardhi imeshika. Tumeanza.

Uamuzi ulitaka kufikiri. Njia ya kwanza ni kuliinua bomba. Mlingoti ukiongezwa mita 9, mstari pale kwenye mti unapanda mita 7 na nusu tu, kwa kuwa mti hauko kwenye bomba lenyewe. Hapo tungeupita mti kwa mita 5 na nusu, na tunahitaji 4 na kidogo. Mwaka mmoja wa mvua nzuri na mgrivilea ungetufikia tena. Tungekuwa tunashindana na mti, na mti haulali.

Njia ya pili ni kukaa pembeni yake. Boma la mama lina mteremko upande wa magharibi unaoishia kwenye ukingo wa korongo. Ukilihamisha bomba mita 30 tu hadi pale, mstari kwenye mti unasogea mita 25, na badala ya kupita juu ya vihamba unapita juu ya korongo la mto, ambako mti mrefu kuliko wote mizizi yake iko mbali sana chini. Mita 30! Tungesimama hapo mwaka 2021 kama tungetembea njia.

Nilikwenda kwa mama mwenye boma na mwenzangu, tukiwa na kilo mbili za sukari, nikamweleza na kumchorea. Wasiwasi wake ulikuwa mbuzi na nyaya za kushikilia mlingoti. Tumekubaliana nyaya zitafungwa vitambaa vyeupe na kuzungushiwa uzio mdogo, na kwamba pale bomba la zamani lilipo tutafukia shimo na kurudisha udongo wa juu. Malipo yake ya mwezi tumeyaongeza kidogo. Anaitunza mali yetu kuliko sisi wenyewe.

Leo tumechimba na kumwaga zege. Linakaa siku saba.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Tulifika saa 12 asubuhi. Wateja walijua tangu Jumatano kwamba watakosa huduma kuanzia saa 2 hadi saa 8 mchana.

Mwenzangu ndiye aliyefanya kazi ya hatari na nataka iandikwe. Alipanda mara nne, mkanda wa usalama umefungwa muda wote, hata alipokuwa na haraka. Mimi chini nilivuta kamba, nikasoma namba na kunyamaza. Tulikubaliana zamani kwamba aliye juu ndiye anayeamua lini anashuka, na leo upepo wa saa 5 ulipoanza alishuka tukangoja nusu saa.

Dishi la mjini hatukuligusa kabisa. Kwa umbali wa kilomita 7, mita 30 ni robo ya nyuzi moja, na mwanga wa dishi letu ni mpana mara nyingi kuliko hapo. Tulilenga la Kibosho pekee. Kulenga dishi ni kazi ya pole: unalisogeza upana wa kidole, unangoja namba itulie, unasogeza tena mpaka ipite kilele na kuanza kushuka, kisha unarudi. Kwanza kushoto na kulia, halafu juu na chini. Fundi mwenye papara hufunga kwenye kilele cha uongo, kile cha pembeni, akaridhika.

Hasi 72. Hasi 66. Hasi 63. Kisha mwenzangu akauliza kutoka juu, "Sasa?" na nikakaa kimya kwa sababu nilitaka kuisoma mara mbili.

Hasi 60.

Kwenye karatasi, kwa nguvu ya kutuma tunayotumia, madishi ya desibeli 25 kila upande na upotevu wa angani wa desibeli 125 kwa umbali huu, jibu ni hasi 60. Nimekuwa nikifanya hesabu hiyo kwa miaka na sijawahi kuona hewa ikinijibu sawasawa na karatasi. Kutoka hasi 74 ya siku za mvua ni desibeli 14, yaani nguvu inayofika imekuwa mara 25.

Saa 7 mchana, kabla ya muda tuliowaahidi, wote 64 walikuwa hewani. Mama alitupikia mtori.

Jumamosi, 22 Juni 2024

Wiki mbili za kupima. Linki inapitisha megabiti 185. Sasa mlango mwembamba ni mkongo wenyewe, kwa hiyo ruta nimeiweka 95 kushuka, asilimia 5 chini ya tunachonunua, ili foleni ibaki mikononi mwetu. Saa 3 usiku kwa mwalimu: milisekunde 11. Kilele cha matumizi ni 88 na mchoro umerudisha meno yake.

Zile megabiti 50 za ziada hatukuzinunua. Fedha hiyo tumenunua swichi mbili za akiba, radio moja, na mkanda mpya wa usalama. Siku 88 itakapokuwa 95 kila usiku, tutanunua, na tutakuwa tunajua kwa nini.

Usiku wa tarehe 19 ilinyesha. Nilikaa macho naangalia namba. Hasi 60, hasi 60, hasi 61, hasi 60. Nikalala.

Jumamosi, 13 Julai 2024

Uru sasa, jirani ya Kibosho. Watu wa huko wametuomba tangu mwaka jana na nilikuwa nawaambia wasubiri, kwa sababu sikutaka kupeleka ng'ambo ugonjwa ambao sijautibu nyumbani.

Safari hii tumetembea kwanza, kabla ya kununua hata msumari. Siku mbili, mwenzangu na mimi, na kijana wa huko anayezijua njia za makorongo. Kutoka paa la mjini hadi boma tulilopewa ni kilomita 6.2. Kuna mahali pawili pa kutazama. Pa kwanza ni mgongo wenye mikaratusi iliyokwisha kukua, tunaupita kwa mita 14, hauna shida. Pa pili ni kihamba kwenye kilomita 4.9, hakuna kitu kirefu, migomba na kahawa tu. Mwaka 2021 ningeandika "wazi" na kupita.

Katikati ya ile kahawa kuna migrivilea mitatu imepandwa karibuni. Tumempata mwenye shamba, tukamsalimu, tukamuuliza aliipanda lini. Akasema masika ya mwaka juzi. Mwenzangu aliipima kwa fito na kamba: mita 4.1, mita 3.6, mita 4.4. Mstari wetu pale uko mita 19 kutoka ardhini, na tunahitaji mita 5 wazi chini yake.

Nimeiandika mitatu yote kwa namba kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la Uru, na tarehe ya kurudi kuipima: Januari.